DAFTARI LA KAZINI NA DAFTARI LA NYUMBANI

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Longonot)



Katibu alipotuomba tuseme neno leo, tulidhani ataka habari za nyongeza ya mshahara, maana hiyo ndiyo habari inayoleta watu mkutanoni hata mvua ikinyesha. Akasema, "La, hiyo nitaisema mwenyewe. Ninyi semeni juu ya kazi ya ofisi na mambo ya nyumbani." Tukacheka, tukamwambia kwamba hayo ni mambo madogo. Akatujibu kwamba mashauri mengi anayoletewa hayakuanzia kazini. Yalianzia nyumbani, yakapanda zamu pamoja na mwenyewe, yakashuka naye stesheni. Tulipokwenda kulala tuliona asema kweli.

Sisi tunaosema hapa si wasomi. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukafundishwa kusali, kuandika mwandiko wa kusomeka, na hesabu za kujumlisha na kutoa. Hizo hesabu za kutoa ndizo tutakazozitumia leo.

KAZI YETU

Mgeni apitaye hapa huona stesheni ndogo chini ya mlima mkubwa. Mlima Longonot una urefu wa mita 2,776, nayo stesheni haina urefu wowote wa kutajwa. Upepo ukishuka kutoka mlimani huleta vumbi jembamba kama unga. Huingia mlangoni, hukaa juu ya daftari, hukausha wino wa muhuri, na chai ikiachwa wazi hupata maziwa ambayo hayakutoka kwa ng'ombe.

Lakini reli hii si kitu kidogo. Ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na ukingo wa ziwa huko Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Hapo juu kwenye mteremko mkali wa Bonde la Ufa, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma mpaka njia ya kudumu ilipokamilika. Watu kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na kama 2,500 kati yao walikufa. Hatuyasemi haya ili kujisifu. Twayasema ili tukumbuke kwamba kila mtaimbo uliopigwa njiani ulipigwa na mtu aliyekuwa na mama yake na nyumba yake mahali fulani.

Katika Oktoba 2019 reli mpya ya njia pana ilifunguliwa kutoka Nairobi hadi Suswa. Kisha ikajengwa njia ya kuunganisha, ya kilometa 23 na kitu, kutoka bohari ya makontena ya Naivasha mpaka hapa Longonot. Njia mpya ina upana wa milimita 1,435, na ya zamani ni mita 1, kwa hiyo behewa la huku haliwezi kupita huko. Kontena huinuliwa kwa winchi kutoka behewa moja na kutuliwa juu ya jingine. Nalo likihamishwa, sharti namba yake ihamishwe pia, kutoka karatasi hii hadi karatasi ile. Hapo ndipo karani anapoingia.

Wenzetu wa njia hututania sana. Husema, "Ninyi wa ofisini mwakaa kivulini, mwanywa chai." Ni kweli kuna kivuli, na chai ipo siku mtu aliyepewa zamu ya kununua sukari akikumbuka. Lakini mtu wa gangi akibeba mtaruma, kila mtu auona. Karani hubeba tarakimu, na tarakimu haionekani uzito wake mpaka ianguke. Ukiandika 37 mahali pa 73, hakuna kelele. Kalamu haivunjiki. Kelele huja baadaye, kwa simu.

Na kuna taabu nyingine ndogo ndogo ambazo ninyi nyote mwazijua. Kalamu ikiazimwa hairudi. Mwenzako wa kukupokea zamu huchelewa dakika ishirini kila siku, na kila siku ni pikipiki iliyopata pancha. Twashangaa pikipiki hiyo ina magurudumu mangapi. Mkubwa ataka hesabu saa ileile ambayo mwenye mzigo amesimama dirishani akigonga kwa ufunguo. Hayo hayaui mtu. Twayacheka tukamaliza.

NYUMBANI

Basi zamu ikiisha twarudi nyumbani, wengine katika landhi, wengine katika vyumba vya kupanga Mai Mahiu au Naivasha. Mtu wa zamu ya usiku hufika jua likichomoza, wakati watoto wavaa sare. Alala mchana, na nyumba nzima hunong'ona kwa ajili yake. Mtoto mdogo hajui kunong'ona. Baba huamka amekasirika, mama naye alikuwa amekasirika tangu jana, kwa sababu maji yamepanda bei na mtungi ni mtupu.

Dada zetu mlio wanachama, kwenu ni zaidi. Mwanamume akitoka zamu huuliza chakula kiko wapi. Mwanamke akitoka zamu huulizwa. Hiyo ni zamu ya pili ambayo haimo katika orodha ya kazi, wala haina malipo ya saa za ziada.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 imeitambua nyumba ya mfanya kazi. Imempa siku ya mapumziko angalau moja katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Imempa mama aliyejifungua miezi mitatu, na baba wa mtoto majuma mawili. Twawauliza wanaume mlio hapa: ni wangapi waliotumia majuma yale mawili kwa kufua nepi na kuchota maji? Tumesikia wengine waliyatumia kwa kupiga plau shamba la ndugu yao. Hatutataja mtu.

HATI YA MSHAHARA

Sasa tufike kwenye hesabu za kutoa. Tuseme mwenzetu mmoja apata shilingi 30,000 kwa mwezi, jumla ya yote. Tuifungue hati yake kwa viwango vya mwaka 2025.

Akiba ya uzeeni, asilimia 6: shilingi 1,800.
Bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75: shilingi 825.
Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: shilingi 450.
Kodi ya mapato: shilingi 731.
Ada ya chama: tuseme shilingi 300.
Mkopo wa ushirika: shilingi 9,000.
Mkopo wa benki: shilingi 6,500.

Ukijumlisha ni shilingi 19,606. Kinachobaki ni shilingi 10,394.

Ndugu, sheria ileile ya 2007, katika kifungu cha 19, yasema kwamba makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Maana yake, katika shilingi 30,000, mfanya kazi sharti apokee shilingi 10,000 mkononi. Huyu mwenzetu amepata 10,394. Sheria haikuvunjwa. Amebakiwa na shilingi 394 juu ya mstari, na kwa hati yake mtu aweza kusema kwamba mambo ni sawa.

Lakini kuna kitu ambacho hati ya mshahara haikioni. Ni ile mikopo ya simu. Mtu abonyeza namba usiku wa manane, na kabla hajageuka kitandani fedha zimeingia. Hakuna mdhamini, hakuna fomu, hakuna wa kumwona. Sheria ilijenga ukuta kuilinda theluthi ya mwisho, nasi twaibomoa wenyewe kwa kidole gumba.

YALIYOTUPATA

Tutawaeleza jambo moja lililotupata sisi wenyewe. Mwenye jambo ametupa ruhusa tulieleze, ila jina lake tuliache.

Mwenzetu, karani, alikuwa na mtoto mgonjwa wa kifua. Siku tatu mfululizo hakulala mchana. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali, akakopa shilingi 4,000 kwa simu. Ziliposhindikana kulipwa, akakopa kwingine ili alipe kwa kwanza, akakopa kwa tatu ili alipe kwa pili. Mkewe hakujua. Sisi wa zamu hatukujua. Alikuwa akicheka nasi kama kawaida, ila aliacha kununua chai na kusema kwamba daktari amemkataza.

Kisha simu zikaanza. Hao wenye fedha hawakumpigia yeye tu. Walimpigia jirani yake, shemeji yake, na mwisho wakampigia mkubwa wake wa kazi, wakisema huyu mtu wenu ni mwizi. Aliitwa, akaulizwa mbele ya watu. Alirudi mezani ameinama, akaendelea kuandika.

Usiku huo aliandika namba ya behewa kinyume. Tarakimu mbili tu zilibadilishana mahali. Alfajiri sisi tulifika kupokea zamu. Kanuni yasema apokeaye asome kila mstari, alinganishe na mabehewa yaliyosimama, ndipo atie sahihi. Tulikuwa na baridi, tulikuwa tumechelewa, na tulimwona mwenzetu amechoka, tukataka aende zake alale. Tukatia sahihi bila kusoma. Tulidhani hiyo ni huruma.

Behewa la mbolea likabaki kwenye njia ya kando siku mbili, na mwenye mbolea alikuwa akingoja mvua za kupanda. Karatasi ya kumtaka mwenzetu ajieleze ikaja. Jina lake lilikuwa juu ya karatasi. Letu halikuwako, kwa sababu aliyeanza kosa ndiye aliyeonekana.

Hapo, ndugu, tulipata usiku mbaya nyumbani kwetu. Tukaziona njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kunyamaza. Tuna watoto, tuna ada ya shule, na hakuna aliyetuuliza kitu. Tulimwambia mama watoto. Tulitumaini atasema tunyamaze, maana yeye ndiye apikaye kile kilichobaki. Akauliza, "Baba watoto, sahihi ile ni yako?" Tukasema ni yetu. Akasema, "Basi ulikuwako." Hakuongeza neno, akaenda kufunga mlango wa kuku.

Asubuhi tulimwendea mjumbe wa chama. Yeye alitusomea kifungu cha 41. Mfanya kazi hafukuzwi kwa kosa au kwa kazi mbovu kabla ya kuelezwa sababu, kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama wakati wa maelezo hayo. Na maneno yake, na ya huyo aliye pamoja naye, sharti yasikilizwe kabla ya kuamua. Kumbe mwenzetu hakujua. Alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuacha kazi ili aepuke aibu. Mjumbe akamwambia, "Iweke mfukoni kwanza. Barua hiyo haiozi."

Siku ya shauri alikwenda na mjumbe, na sisi tukaenda. Mjumbe hakusema kwamba kosa halikutendeka. Alisema lilitendeka, akaeleza jinsi lilivyotendeka. Nasi tukasimama tukasema kwamba sahihi ya kupokea ni yetu, na kwamba hatukusoma. Magoti yalikuwa yakitetemeka, na twasema hivi ili mwingine yakimtetemeka asidhani ni yake peke yake.

Tulipewa barua za onyo, sisi wote wawili. Hatukulaumu. Kosa lilikuwa kosa. Mwenzetu hakufukuzwa. Yuko kazini mpaka leo, na ndiye asomaye daftari polepole kuliko sisi sote, hata mtu wa zamu hukosa gari la kurudi nyumbani akimngoja.

Tena kuhusu wale waliompigia mkubwa wake: tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 juu ya wakopeshaji wa simu, mkopeshaji haruhusiwi kumtisha mdaiwa, kumtukana, wala kuwapigia watu walio katika simu yake ili kumdai. Deni ni lako na utalilipa, lakini aibu si sehemu ya riba. Mkopeshaji sharti awe na leseni ya Benki Kuu, na malalamiko juu ya matumizi mabaya ya majina na namba zako yaweza kupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa sheria ya mwaka 2019. Mjumbe alisaidia kuandika malalamiko hayo. Na mkewe, alipoelezwa mwishowe, hakukasirikia deni. Alikasirikia miezi ile aliyofichwa.

KWA NINI NI KAZI YA CHAMA

Huenda mtu aseme, mambo ya mtu na mkewe yamehusu nini chama? Na tutazame nyuma.

Zamani katika nchi hii mshahara wa Mwafrika ulipimwa kwa mwanamume mmoja asiye na mke. Ilidhaniwa kwamba familia yake yalishwa na shamba huko kwao, na kwamba kwake mjini yatosha kitanda na unga. Katika Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja na wengine, waligoma mji mzima. Mishahara na taabu ya nyumba zilikuwa kati ya manung'uniko yao. Na mwaka 1954 kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na bwana Carpenter, ilisema kwamba yafaa mshahara upimwe kwa mtu mwenye familia, si kwa kapera.

Basi tangu hapo neno limekuwa moja: mfanya kazi haji kazini peke yake. Huja na mtungi wa maji, ada ya shule, na kikohozi cha mtoto. Wazee wetu waligoma ili nyumba zetu zihesabiwe. Nasi tukimwambia mwenzetu, "Mambo ya nyumbani yaache nyumbani," twarudi kwa yule kapera wa kabla ya 1954.

Hata Musa, tulivyosomewa shuleni, alikaa kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, mpaka mkwewe Yethro akamwonya kwamba kazi ile ni nzito, agawane na wengine. Naye Musa hakuona haya kumsikiliza mkwewe.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Hatukuja na maneno matupu. Twaomba tawi lifikirie haya.

Kwanza, apokeaye zamu asome, na atoaye zamu angoje asomewe. Kumwacha aliyechoka aende bila kusomewa si wema. Tumeona.

Pili, kila mwanachama aichukue hati yake ya mshahara na kuisoma mstari kwa mstari. Ni haki yake kupewa hati inayoonyesha makato. Akiona mstari asioujua, aulize. Akiona makato yamepita theluthi mbili, amletee mjumbe hati hiyo.

Tatu, kuwe na daftari la nyumbani. La senti kumi latosha, ijapokuwa sasa halipatikani kwa bei hiyo. Upande mmoja kinachoingia, upande mwingine kinachotoka, na mikopo ya simu iandikwe humo kwa kalamu, si kwa moyo. Mama watoto aone, na kama yeye ndiye mwenye mshahara, baba watoto aone.

Nne, tuanzishe mchango wa dharura wa tawi. Tukitoa shilingi 100 kila mwezi, watu arubaini ni shilingi 4,000. Hesabuni wenyewe. Ni fedha zilezile alizozitafuta mwenzetu usiku ule kwa mgeni, naye alikuwa na watu arubaini wanaomjua kwa jina.

Tano, mtu akipewa karatasi ya kujieleza, asiandike jibu peke yake usiku, wala barua ya kuacha kazi. Aje kwa mjumbe na karatasi yake kesho yake asubuhi.

Ndugu wanachama, tumesema ya kutosha, na tunaona wa zamu ya saa kumi na mbili wameanza kutazama saa. Kitabu cha mchango kiko mezani kwa Katibu. Jina la kwanza tumeliandika sisi, na la pili ni la yule mwenzetu. Mstari wa tatu uko wazi. Someni kwanza, kisha mtie sahihi.

Umoja ni nguvu.